Fungu la kupunguza chumvi: njia nne, na ipi ilipiwe wapi

Tuseme kikundi chenu, kamati ya kata au idara ya afya ya kaunti imepata fungu la serikali la kupunguza chumvi katika chakula cha watu. Fungu si kubwa, na muda wake una mwisho. Yanayopendekezwa kikaoni huwa yale yale: semina, fulana, mabango, redio ya jamii, siku moja ya kupima presha uwanjani. Kabla hamjafika huko, kuna njia nne ambazo zimekwisha kujaribiwa kwa ukubwa katika nchi nyingine, zikapimwa, na matokeo yake yanajulikana. Nimeziweka pamoja hapa ili anayegawa fedha na anayeziomba waone ipi inawafaa. Nina upande wangu, na sitauficha.

Kwanza ujue chumvi inaingilia wapi

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko cha chai kimoja kisichofurika. Wastani wa dunia ni karibu gramu 11. Katika ripoti yake ya mwaka 2023, WHO ilihusisha sodiamu iliyozidi (ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha) na vifo karibu milioni 1.9 kila mwaka. Kwetu, utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2012 na ule wa Kenya wa 2015 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu.

Gramu hizo haziingii kwa mlango mmoja kila mahali. Marekani, karibu asilimia 71 ya sodiamu hutoka katika vyakula vya viwandani na vya mikahawani. Ile inayotiwa wakati wa kupika nyumbani na inayonyunyizwa mezani, zote mbili kwa pamoja, ni kama asilimia 11 tu. Uchina, utafiti ulikuta kinyume chake: asilimia 76 ilitoka katika chumvi iliyotiwa kwenye mapishi ya nyumbani. Ukichukua mradi uliofaulu Marekani ukaupeleka katika kijiji cha Uchina, utatumia fedha kulinda mlango usiopitwa na mtu.

Na sisi je? Kijijini tunaelekea upande wa sufuria ya nyumbani. Ongeza papa na nguru wa chumvi huko pwani, na magadi yanayotiwa kulainisha maharage, githeri na mboga za majani. Magadi nayo ni sodiamu, ila kwa kuwa hayamo kwenye kopo la chumvi hakuna anayeyahesabu, na sijaona bango la afya linaloyataja. Mjini mambo yamechanganyika: mkate, chipsi, soseji, vidonge vya mchuzi, mama lishe wa kona, kibanda cha chakula cha mchana. Shule ya bweni nayo ni dunia yake, maana huko mpishi mmoja anawaamulia mamia ya watu chumvi watakayokula.

Kwa hiyo kabla ya kuandika andiko la mradi, pitieni nyumba kadhaa, vibanda kadhaa na stoo ya shule moja, muulize chumvi inanunuliwa kiasi gani kwa mwezi na inaliwa na watu wangapi. Kazi hiyo haihitaji mshauri mwelekezi.

Njia ya 1: kulipia mabadiliko katika majiko ya taasisi

Hii ndiyo njia ya Marekani. Mwaka 2010 kituo cha serikali kuu cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilianza kutoa ruzuku ya kupunguza sodiamu katika jamii. Miongoni mwa waliopata mwanzoni ni jiji la New York, Los Angeles County, Shasta huko California, Shawnee huko Kansas, na kaunti za Broome na Schenectady katika jimbo la New York. Awamu nyingine zilifuata mwaka 2013 na 2016, na hiyo ya 2016 ilipangwa kwa miaka mitano.

Cha kujifunza hapa ni kile fedha zilichonunua. Hazikununua chakula wala matangazo makubwa. Zililipa muda wa wataalamu wa lishe wa kukaa na wapishi na maofisa ununuzi wa shule, hospitali, huduma za chakula cha wazee na mikahawa, wakibadilisha mapishi, wakichagua upya bidhaa za kuagiza, na wakiandika viwango vya sodiamu ndani ya mikataba. Los Angeles County, kwa mfano, iliingiza viwango vya lishe katika mikataba ya watoa huduma ya chakula wa serikali ya kaunti. Jiji la Philadelphia lilikwenda kwenye mikahawa midogo ya Kichina ya kuchukua na kuondoka. Wenye mikahawa walifundishwa kwa lugha yao, vyakula vikapelekwa maabara kabla na baada, na sodiamu ikawa imepungua. Huko kaskazini-magharibi mwa Arkansas chuo kikuu cha tiba kilifanya kazi na shule na jamii ya wahamiaji kutoka Visiwa vya Marshall.

Nguvu ya njia hii ni mkataba. Ofisa akihama, ruzuku ikiisha, kifungu kilichoandikwa kwenye zabuni kinabaki hadi mtu akifute. Mlaji naye hatakiwi kuwa na nidhamu yoyote, anakula anachopakuliwa. Udhaifu wake ni kwamba haigusi nyumba hata moja.

Kuna somo jingine ambalo wengi hawalijui, nalo latoka Uchina. Utafiti ulioitwa DECIDE-Salt ulifanyika katika makao 48 ya wazee, na matokeo yake yakatoka 2023. Baadhi ya makao yalipunguziwa hatua kwa hatua kiasi cha chumvi kinachopelekwa jikoni. Hatua hiyo peke yake haikushusha presha ya wazee, maana stoo ukiibana, jiko lina njia zake. Makao yaliyobadilishiwa aina ya chumvi yalikuwa na hadithi tofauti, nitaifikia. Kwa sasa shika hili: ukimpunguzia mpishi chumvi bila kukaa naye, bila kumpa kitunguu, ndimu, tangawizi na mapishi yanayolika, atatuma mtu dukani.

Njia ya 2: elimu, hasa kupitia watoto wa shule

Elimu ndiyo inayopendwa na kamati zote kwa sababu ni rahisi kuitolea hesabu: watu 200 walihudhuria, vipeperushi 1,000 viligawiwa. Nyingi haibadilishi chochote. Lakini iko iliyofanya kazi, na tofauti yake iko wazi.

Mjini Changzhi, kaskazini mwa Uchina, shule 28 za msingi ziliingia katika utafiti wa muhula mmoja wa masomo. Watoto wa nusu ya shule hizo walifundishwa darasani madhara ya chumvi na namna ya kuipunguza, kisha wakapewa kazi za kufanya nyumbani pamoja na wazazi na mababu wanaopika. Mwisho wa muhula walipimwa kwa mkojo wa saa 24, ambao hauna ubishi, maana sodiamu nyingi inayoliwa hutoka humo. Wakilinganishwa na shule ambazo hazikufundishwa, ulaji wa chumvi wa watoto ulishuka kwa gramu 1.9 kwa siku, na wa watu wazima wa nyumba zao kwa gramu 2.9. Presha ya watu wazima nayo ilishuka kidogo. Kwa mradi uliotumia walimu waliokwisha kuajiriwa, hayo ni mengi.

Kisha wakajaribu kuipanua. Shule 54 katika mikoa mitatu, safari hii mafundisho yakipitia programu ya simu, matokeo yakachapishwa 2022. Watu wazima walipunguza gramu 0.8 hivi, na kwa watoto hapakuonekana tofauti ya maana. Wako watakaosema simu ndiyo tatizo, wako watakaosema mikoa ni tofauti. Mimi nasoma hivi: njia ya mtoto kwenda kwa bibi yake ina nguvu pale mwalimu anapoibeba mwenyewe, na hupungua nguvu kadiri unavyomwondoa mwalimu. Anayekuja kwenye halmashauri na programu ya simu ya kufundisha chumvi aulizwe kwanza mwalimu atafanya nini.

Mkoa wa Shandong ulifanya jambo kubwa zaidi kati ya 2011 na 2015: serikali ya mkoa pamoja na wizara ya afya walilipia mafunzo, vijiko vya kupimia chumvi vya gramu 2, kazi na mikahawa na viwanda, na vyombo vya habari. Sodiamu katika mkojo ilishuka kutoka miligramu 5,338 hadi 4,013 kwa siku, yaani robo. Hayo ni mafanikio, lakini hata baada ya hapo watu walikuwa bado kwenye kama gramu 10 za chumvi, mara mbili ya kiwango cha WHO. Tena hapakuwa na mkoa wa kulinganisha nao, hivyo huwezi kusema kila gramu ilitokana na mradi.

Njia ya 3: kubadilisha chumvi yenyewe

Hapa ndipo ushahidi ulipo mzito kuliko kote. Chumvi mbadala huwa na sehemu ya kloridi ya potasiamu badala ya kloridi ya sodiamu tupu, kwa kawaida robo kwa robo tatu. Ladha ni karibu ile ile na sufuria ni ile ile. Mpishi habadilishi desturi.

Utafiti wa SSaSS ulichukua vijiji 600 katika mikoa mitano ya Uchina na watu 20,995 waliowahi kupata kiharusi au wenye miaka 60 na zaidi na presha ya juu. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi mbadala bure. Baada ya karibu miaka mitano, kiharusi kilikuwa kimepungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Angalia vizuri: vifo, wala si mistari kwenye mashine ya presha tu. Yale makao ya wazee niliyoyataja, yaliyopewa chumvi mbadala jikoni, yalipata upungufu wa asilimia 40 wa matukio ya moyo na mishipa.

Mfano unaofanana zaidi na mradi wa jamii ni wa Tumbes, kaskazini mwa Peru. Vijiji sita, watu 2,376, kati ya 2014 na 2017. Wahusika walikwenda nyumba kwa nyumba wakibadilishana: toa chumvi yako, chukua hii, bure. Walifika pia kwenye majiko ya jamii, viokeo vya mikate na migahawa. Presha ilishuka kidogo tu kwa wastani, milimita 1.3 hivi za zebaki (kipimo cha presha), lakini kwa wale ambao hawakuwa na presha ya juu mwanzoni, uwezekano wa kuipata ulipungua kwa nusu.

Sasa gharama. Kule Uchina chumvi mbadala ilikuwa kama dola 1.62 kwa kilo, ya kawaida dola 1.08. Kaya ya watu watano wanaokula gramu 10 kila mmoja hutumia kilo moja na nusu kwa mwezi. Ukifidia tofauti ya bei tu, kwa bei hizo ni kama dola 10 kwa kaya kwa mwaka, kabla ya usafiri na usimamizi. Kwetu bei itakuwa nyingine. Duka la mtaani mara nyingi halina bidhaa hiyo kabisa. Na gharama hii haina mwisho: mwaka fungu likikauka, watu wanarudi kwenye chumvi ya kawaida asubuhi yake. Linganisha na kifungu cha mkataba, ambacho hakili bajeti.

Halafu kuna figo. Mtu mwenye figo dhaifu, au anayetumia dawa fulani za presha zinazozuia potasiamu kutoka, anaweza kudhurika kwa potasiamu nyingi. Katika SSaSS madhara hayo hayakuongezeka, lakini wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakuingizwa. Kwetu wengi hawajawahi kupimwa figo, hivyo hawajui wako upande gani. Mwongozo wa WHO wa Januari 2025 unapendekeza chumvi mbadala kwa matumizi ya nyumbani, lakini si kwa watoto, wajawazito, wala wenye matatizo ya figo. Anayetaka kuitia kwenye jiko la shule ya msingi hajausoma. Na ikinunuliwa, iwe na madini joto kama sheria za Tanzania na Kenya zinavyotaka kwa chumvi ya mezani; hatuwezi kuponya presha tukarudisha tezi la shingo.

Njia ya 4: sheria kwa viwanda

Nitaipita haraka, kwa kuwa kikundi cha kata hakitungi sheria. Afrika Kusini ilipitisha kanuni mwaka 2013, zikaanza kubana 2016 na kubana zaidi 2019: mkate, kwa mfano, ulitakiwa kushuka hadi miligramu 400 za sodiamu kwa gramu 100, kisha 380. Gharama kwa hazina ni ndogo, mzigo unabebwa na kiwanda. Kwa jiji linalokula mkate na chipsi za pakiti hii ndiyo njia yenye faida kubwa kwa kila shilingi. Kwa kijiji kisichonunua mkate haina maana kubwa.

Kwa mtazamo mmoja

| Njia | Fedha zinanunua nini | Inafaa wapi | Inakwamia wapi |
|---|---|---|---|
| Majiko ya taasisi | Muda wa mtaalamu, mafunzo ya wapishi, viwango vya zabuni | Shule za bweni, hospitali, mikahawa | Haifiki majumbani |
| Elimu kupitia shule | Vitabu, mafunzo ya walimu, upimaji | Kijiji au mtaa unaopika nyumbani | Mwalimu akiachwa kando |
| Chumvi mbadala | Bidhaa na usambazaji | Wazee na wagonjwa wa presha waliochunguzwa | Gharama ya kudumu, figo, watoto |
| Sheria | Wataalamu, ukaguzi | Taifa, miji mikubwa | Chumvi ya sufuriani |

Mimi ningechagua hivi

Ukiwa na fungu la mwaka mmoja na eneo lina shule za bweni au hospitali ya wilaya, weka karibu zote kwenye majiko hayo. Hesabu ni nyepesi. Shule ya wanafunzi 600 ikitoa stoo kilo 4 za chumvi kwa siku, kila mwanafunzi anakula gramu 6.7 kabla hujahesabu mkate na magadi. Ukishusha taratibu, kwa miezi kadhaa, hadi kilo 2.5, unafika gramu 4.2, na ulimi unazoea bila mgomo. Nairobi ina nafasi ya pekee: mpango wa Dishi na County, ulioanza 2023, hupika chakula cha shule katika majiko makubwa ya pamoja, mtoto akilipa shilingi 5. Kubadilisha kipimo cha chumvi katika majiko machache namna hiyo ni kuwafikia maelfu kwa siku moja.

Ukiwa kijijini na fungu la miaka miwili au mitatu, chukua njia ya Changzhi kama ilivyokuwa, na mwalimu akiwa katikati. Ongeza somo la magadi na la kuloweka papa na nguru kabla ya kupika, kwa kuwa Changzhi hawakuwa na haja ya masomo hayo.

Chumvi mbadala ningeiacha kwa kliniki za presha: mgonjwa aliyekwisha kupimwa figo, anayerudi kila mwezi kuchukua dawa, apewe na pakiti ya chumvi. Hapo usambazaji uko tayari na daktari anaona anayemfaa. Kuigawa kijiji kizima bila vipimo, hata kama ushahidi ni mzito, ningesita.

Kwa mama lishe na wenye vibanda, fuata Philadelphia: nenda kwao, pika nao, pima chakula. Usiwaite ukumbini.

Mlango gani wa fedha

Tanzania, wengi hukimbilia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Huo ni mkopo, ingawa hauna riba. Kikundi cha mama lishe kinaweza kuutumia kununua jiko na vyombo, lakini kupunguza chumvi hakuzalishi marejesho, hivyo usiufanye kuwa kiini cha mradi. Kuna pia fedha za lishe ambazo halmashauri hutakiwa kutenga, shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Hizo hutazamwa kwa jicho la udumavu, na mradi wa presha za wazee hautapendwa hapo. Njia inayoshika zaidi ni kupitisha wazo kwenye serikali ya kijiji, kisha kamati ya maendeleo ya kata, liingie mpango wa halmashauri, na afisa lishe awe upande wenu tangu mwanzo.

Kenya, afya iko mikononi mwa kaunti, na mpango wa mwaka wa maendeleo hutakiwa kuwasilishwa bungeni mwa kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Ukifika kwenye kikao cha maoni ya umma baada ya hapo, unaomba nafasi katika basi lililojaa. Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walipewa vifaa mwaka 2023, mashine ya presha ikiwemo; mradi wenu usinunue mashine nyingine.

Vyovyote, wekeni fedha za kupima. Mkojo wa saa 24 kwa sampuli ndogo ni ghali na ni usumbufu, lakini ndiyo namba ambayo mkaguzi hawezi kuipinga. Pasipowezekana, daftari la stoo litatosha kwa taasisi: kilo zilizotoka, gawanya kwa sahani, kila wiki, kuanzia miezi miwili kabla ya mradi. Halmashauri ikikubali nusu ya mlichoomba, kateni mabango na ukumbi wa semina. Daftari na mkojo vibaki.